Jina na Kiumbe: Swali la Spishi kwa Kambare wenye Deraya

Mito ya Amerika ya Kusini, kuanzia Orinoco upande wa kaskazini hadi Paraná upande wa kusini, ina kambare ambao miili yao haikuachwa na ngozi tupu kama ya kambare wa maziwa ya Afrika, kwa kuwa imevikwa mabamba ya mfupa yaliyopangwa kwa safu, bamba moja likilalia ukingo wa jingine, na kwa sababu hiyo huitwa kambare wenye deraya. Familia zao kubwa ni mbili. Ya kwanza ni Loricariidae, yenye spishi zaidi ya 1,000, ambayo samaki wake wana mdomo wa kunyonya ulio chini ya kichwa, unaowawezesha kujishikiza mwambani hata maji yanapokwenda kasi; ya pili ni Callichthyidae, wenye safu mbili tu ndefu za mabamba katika kila ubavu, na humo ndimo wanamohesabiwa samaki wadogo wa kundi la Corydoras. Karibu kila mwaka orodha ya familia hizi huongezewa spishi mpya, na habari hiyo hupokewa kama jambo la maabara na makumbusho, ilhali ndani yake mna swali ambalo falsafa na dini zimelishughulikia tangu kale: mtu anaposema kwamba samaki huyu si yule, na kwamba anastahili jina lake peke yake, je, ameutambua mpaka uliokuwepo kabla yake, au ameuchora yeye?

Wasomaji wa vitabu vitakatifu wamelikuta swali hili katika habari za Adamu, ambazo hazisimuliwi kwa namna moja. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, wanyama wanaletwa mbele ya mtu ili yeye awape majina, na majina anayoyatoa ndiyo yanayodumu. Uamuzi umewekwa mikononi mwa mwenye kuita. Katika Kurani, sura ya al-Baqara, aya ya 31, Adamu hatungi majina, anafundishwa, na malaika wanapoulizwa majina hayohayo wanakiri kwamba elimu yao haifiki huko. Haitakuwa haki kuzifanya simulizi hizi bendera za kambi mbili, kwa kuwa ndani ya kila dini walikuwepo wanazuoni waliovutana juu ya jambo hili. Ibn Sina, katika karne ya 11, alifundisha kwamba asili ya farasi, ikitazamwa yenyewe, si moja wala si nyingi, na kwamba sifa ya kuwa ya jumla huipata ndani ya akili; karne tatu baadaye William wa Ockham alikwenda mbali zaidi, akashikilia kwamba kilichopo duniani ni kitu kimoja kimoja tu, na kwamba ujumla wote ni ishara tunazozitumia kufikiri na kusema. Wafuasi wa msimamo wake walikuja kuitwa wanominalisti, yaani watu wanaoona kwamba ujumla haupo nje ya majina, na wapinzani wao wakaitwa wahalisia. Makala haya yanaegemea upande wa wahalisia, lakini kwa njia ambayo wahalisia wa kale wasingeitambua upesi, kwa sababu hoja yake inatoka katika makosa ya wataalamu wa samaki zaidi kuliko katika mafanikio yao.

Kazi yenyewe ya kutofautisha spishi, ikitazamwa kwa karibu, ni ya subira na haina fahari. Samaki aliyevuliwa hutiwa formalini ili nyama isioze, kisha huhamishiwa katika alkoholi ya asilimia 70, ambamo anaweza kuhifadhika kwa zaidi ya miaka 100. Rangi zake hazihifadhiki: madoa ya manjano hugeuka meupe na weusi hufifia ukawa kahawia, na ndiyo sababu mtaalamu makini humpiga picha samaki angali hai. Baada ya hapo huja hesabu na vipimo. Yanahesabiwa mabamba ya ubavu kuanzia nyuma ya kichwa hadi mzizi wa mkia, meno ya kila taya chini ya hadubini, na miiba ya kila pezi. Kwa kalipa hupimwa umbali kutoka ncha ya pua hadi ukingo wa jicho, upana wa jicho lenyewe, na kimo cha mwili pale pezi la mgongo linapoanzia, kisha kila kipimo hugawanywa kwa urefu wa mwili au wa kichwa ili samaki mdogo aweze kulinganishwa na mkubwa. Juu ya mabamba ya Loricariidae huota odontodi, yaani vijino vya ngozi vilivyojengwa kama jino halisi, na madume wa spishi nyingi huotesha virefu mashavuni au kwenye miiba ya mapezi ya kifuani, kiasi kwamba asiyechunguza jinsia ya vielelezo vyake anaweza kumtenga dume na jike wa spishi moja akadhani amepata mbili. Mwisho wa yote huteuliwa kielelezo kimoja, holotaipu, na kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za majina ya wanyama jina jipya hufungwa kwenye mwili huo mmoja.

Jambo hili la mwisho lina uzito wa kifalsafa kuliko linavyoonekana. Jina halifungwi kwenye maelezo, ingawa maelezo ni lazima yaandikwe. Linafungwa kwenye samaki aliyewahi kuogelea, na ikiwa maelezo yatagundulika kuwa na kasoro, yatasahihishwa kwa kumrudia samaki. Mwanafalsafa Saul Kripke, katika mihadhara aliyoitoa mwaka 1970, alitetea wazo linalokaribiana na desturi hii, kwamba jina hukishika kitu kwa tendo la kukitaja na kukielekeza, na kisha hupokezanwa kutoka kwa msemaji mmoja hadi mwingine hata kama wasemaji hao wanakielewa vibaya kitu chenyewe. Wataalamu wa wanyama walikuwa wakifanya hivyo muda mrefu bila kuhitaji nadharia.

Kisa cha Hypostomus plecostomus kinaonyesha gharama ya kutofanya hivyo mapema. Carl Linnaeus alipompa samaki huyu jina mwaka 1758, alimweka katika jenasi Acipenser, pamoja na samaki wa nchi za kaskazini ambao mayai yao huliwa kama kaviari, kwa kuwa nao wana mabamba ya mfupa mwilini. Kosa la jenasi lilisahihishwa, lakini haikujulikana kwa uhakika jina lilimhusu samaki yupi, kwa hiyo kwa zaidi ya karne mbili liliendelea kubandikwa juu ya kambare wa mito mingi, na katika biashara ya samaki wa mapambo likawa karibu jina la kila kambare mkubwa mwenye mdomo wa kunyonya. Mwaka 2012 Weber, Covain na Fisch-Muller walichapisha uchunguzi wa vielelezo vinavyoaminika kuwa ndivyo vilivyokuwa msingi wa jina la Linnaeus, wakakuta kwamba mlikuwa na spishi mbili, moja ikiwa ile ambayo leo huitwa Hypostomus watwata. Waliteua kielelezo kimoja kuwa mwenye jina, wakakilinganisha na samaki wa Surinam, na hivyo swali lililoachwa wazi katika karne ya 18 likapata jibu. Samaki wenyewe, kwa muda wote huo, walikuwa spishi mbili.

Mtu anaweza kupinga kwamba sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayotakiwa kuthibitishwa, na kwamba waandishi wa mwaka 2012 walichofanya ni kubadilisha uamuzi mmoja wa kibinadamu kwa mwingine. Pingamizi hili lina nguvu, na linapata nguvu zaidi kutoka kwa samaki wa Corydoras. Katika mito kadhaa ya Amazoni hupatikana kambare wadogo wawili au watatu wanaoogelea katika kundi moja, wote wakiwa na rangi ileile na mabaka yaleyale mahali palepale, na mtu akiwatazama juu juu ataapa kwamba ni ndugu. Katika eneo la juu la Rio Negro, kwa mfano, Corydoras adolfoi, aliyeelezwa mwaka 1982, na Corydoras imitator, aliyeelezwa mwaka uliofuata, wote wana mwili mweupe, ukanda mweusi unaopita machoni, na doa la rangi ya chungwa nyuma ya kichwa. Tofauti inayoonekana mapema ni pua, ambayo kwa wa pili ni ndefu zaidi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 na Markos Alexandrou na wenzake ulionyesha kwamba wale wanaofanana rangi katika mto mmoja mara nyingi wanatoka katika koo za mbali, huku ndugu zao wa karibu wakiishi katika mito mingine na kuvaa rangi nyingine. Sababu inayotolewa ni ulinzi. Samaki hawa wana miiba mikali inayoambatana na sumu, na adui aliyekwisha kuchomwa na mmoja huwaepuka wote wenye rangi hiyo, kwa hiyo spishi zinazoishi pamoja hunufaika kwa kufanana.

Mapokeo ya Kiislamu ya elimu ya nafsi hutofautisha zahiri na batini, lile linaloonekana na lile lililofichika, na mapokeo ya Kikristo nayo yana onyo lake juu ya kuhukumu kwa sura. Ni sawa kuuliza kama mafunzo hayo yanaweza kuvuka kutoka katika maadili hadi katika maumbile. Katika suala la Corydoras yanavuka, kwa sharti moja. Batini ya samaki hawa haikuwa nje ya uwezo wa kuchunguzwa: ilikuwa katika urefu wa pua, katika chakula wanachokula, na katika vinasaba vya kila chembe ya mwili, ikimsubiri mtu atakayeuliza swali linalofaa. Aristotle alipotafuta asili ya kila aina ya kiumbe, alidhani kuna sifa ambayo mwenye kuwa nayo amo na asiyekuwa nayo yu nje. Katika kambare hawa sifa ya namna hiyo haipatikani, kwa sababu kinachowafanya kuwa spishi moja ni nasaba, yaani kuzaliana wao kwa wao kizazi baada ya kizazi, na sifa zinazoonekana ni dalili tu za nasaba hiyo, nyingine za kutegemewa na nyingine za kupotosha.

Ni vigumu kuzungumzia nasaba bila kumfikia Charles Darwin, na katika jambo hili yeye anaingia kwa mlango wa pembeni. Miongoni mwa samaki aliowakusanya katika safari ya meli Beagle alikuwemo kambare mdogo mwenye deraya, ambaye Leonard Jenyns alimweleza mwaka 1842 kwa jina la Callichthys paleatus. Baadaye samaki huyo akahamishiwa jenasi Corydoras, na kwa jina la Corydoras paleatus akafugwa duniani kote. Mwaka 2024 kundi la wataalamu, wengi wao wa Brazili, likaigawa jenasi hiyo kubwa kwa kufuata koo zilizodhihirishwa na vinasaba, na samaki wa Darwin sasa anaitwa Hoplisoma paleatum. Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alilitazama neno spishi kama neno la kurahisisha mambo, lisilotofautiana kimsingi na neno linalotumika kwa aina ndogo ndani ya spishi, kwa kuwa aliona viumbe wakipita kutoka hali moja hadi nyingine kwa hatua ndogo ndogo. Ikiwa spishi zimetokana moja na nyingine bila ngazi kubwa katikati, basi mahali popote mtu anapokata pataonekana kuwa chaguo lake.

Jibu la pingamizi hili linapaswa kuanza kwa kukubali sehemu yake iliyo kweli. Mipaka ya spishi haiko wazi kila mahali. Kipimo kilichoenezwa na Ernst Mayr mwaka 1942, kwamba spishi ni jamii za viumbe wanaozaliana wao kwa wao na waliotengwa kwa uzazi na jamii nyingine, hakisaidii sana pale ambapo jamii mbili zinaishi katika mito tofauti na hazikutani kamwe. Richard Mayden alipohesabu mwaka 1997 fasili za spishi zilizokuwa zikitumiwa na wanabiolojia, alipata zaidi ya 20. Baadhi ya koo za Corydoras zimeongeza idadi ya seti za kromosomu zake, jambo linaloweza kuleta utengano wa uzazi kwa ghafla, wakati koo nyingine zimetengana polepole mno. Lakini mpaka usiokuwa mkali si sawa na kutokuwepo kwa mpaka. Mwislamu anayefunga hujua kwamba hakuna dakika ambayo usiku hukatika na mchana ukaanza kwa mkato, na hata hivyo sheria imemtaka aitambue alfajiri kwa kuangalia weupe unapojitenga na weusi, wala hakuna anayesema kwamba usiku na mchana ni mapatano ya watu kwa kuwa kati yao pana utusitusi. Ugumu wa kuitambua alfajiri unatuambia tu kwamba macho yanahitaji umakini.

Hoja yenye nguvu zaidi, hata hivyo, ni ile ya makosa. Mwaka 1988 gazeti la Kijerumani la samaki wa mapambo, DATZ, lilianza kuwapa namba zenye herufi L wale kambare wa Loricariidae waliokuwa wakiwasili Ulaya bila jina la kisayansi, ili wafugaji waelewane wakati wakisubiri wataalamu. Namba hizo ni majina ambayo wanominalisti wangeyapenda, kwa maana zilitolewa kwa kutazama picha na mahali pa kuvuliwa, bila madai yoyote juu ya asili. Kutoka mto Xingu wa Brazili pekee zilitoka namba nyingi za jenasi Hypancistrus, kila moja ikiwa na michirizi yake, mingine myembamba na iliyopindapinda, mingine minene na iliyokatika kuwa madoa, na wafugaji wakawatenganisha samaki hao kwa uangalifu. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Brazili katika miaka ya karibuni umeonyesha kwamba namba kadhaa kati ya hizo, zikiwemo L066 na L333, ni za spishi moja yenye michirizi inayobadilika mno, ambayo imepewa jina la Hypancistrus seideli. Hapo kufanana kwa Corydoras kumegeuzwa kichwa chini: kule spishi nyingi zilivaa vazi moja, huku spishi moja imevaa mavazi mengi. Kama mpaka wa spishi ungekuwa kazi ya mwenye kuita, basi L066 na L333 zingekuwa spishi mbili kwa kuwa watu walizitenga, na kusingekuwa na jambo la kusahihisha. Kusahihishwa kwake kunaonyesha kwamba kuna kitu kilichokataa kutii namba, na kitu hicho ni samaki wenyewe, ambao wamezaliana bila kujali michirizi yao.

Kwa hiyo simulizi zote mbili za Adamu zina sehemu yake. Sauti inayotamka jina ni ya mwanadamu, na anaweza kukosea, kubadili, na hata kumpa samaki jina la rafiki yake. Lakini anachokitaja hakukiumba, na elimu yake juu yake ni ya kupokea. Mwenye kutoa jina yuko katika nafasi ya shahidi. Shahidi anaweza kusema kweli au uongo, anaweza kuona vibaya kwa sababu ya giza, lakini tukio analolitolea ushahidi halikutokea kwa sababu yeye amelisema.

Kuna matokeo mengine ya kulitazama jambo hivi, na haya ni mazito. Michael Ghiselin alipendekeza mwaka 1974 kwamba spishi isihesabiwe kuwa kundi la vitu vinavyofanana, ihesabiwe kuwa kitu kimoja chenye historia, kilichozaliwa mahali fulani na kinachoweza kufa. Samaki mmoja mmoja, kwa mtazamo huo, ni sehemu ya spishi yake. Ikiwa pendekezo hilo ni sahihi, na ushahidi wa nasaba uliotajwa hapo juu unaliunga mkono, basi spishi iliyokufa haiwezi kurudi hata kama mahali pengine patatokea samaki anayefanana nayo kwa kila kipimo, kwa sababu huyo atakuwa mwingine. Dini zinazofundisha kwamba kila kiumbe kinajulikana kwa Muumba wake kabla hakijajulikana na mtu hazina sababu ya kulikataa wazo hili. Zina sababu zaidi ya kulichukulia kwa uzito, kwa kuwa mwanadamu aliyekabidhiwa dunia kama amana atadaiwa hata kwa vile ambavyo hakuwahi kuvijua.

Mto Xingu umelileta swali hili katika siasa na sheria. Katika sehemu yake iitwayo Volta Grande, ambapo mto unajikunja kwa kona kubwa juu ya miamba karibu na mji wa Altamira, anaishi Hypancistrus zebra, kambare asiyezidi sana sentimita 8, mwenye michirizi myeusi na myeupe, ambaye jike lake hutaga mayai machache na dume huyalinda ndani ya ufa wa mwamba. Hapatikani kwingine duniani. Isbrücker na Nijssen walimweleza mwaka 1991. Mwaka 2016 bwawa la Belo Monte, lililoundwa kuzalisha umeme wa megawati 11,233, lilianza kufanya kazi, na sehemu kubwa ya maji ya Volta Grande ikaelekezwa kwenye mitambo, mwamba ukabaki na maji pungufu. Kwa kuwa kambare huyu alikuwa na jina, iliwezekana kumwandika katika orodha ya Brazili ya viumbe walio hatarini mwaka 2004, kumwingiza katika orodha ya tatu ya mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 2017, na kumpandisha hadi orodha ya pili kwa uamuzi wa mkutano wa Panama mwaka 2022. Maandishi hayo hayakuyarudisha maji, wala magendo ya samaki hao hayakuisha, lakini yalimfanya awe kiumbe ambaye mahakama na forodha zinaweza kumtaja.

Jirani zake waliokuwa na namba tu hawakuwa na hadhi hiyo, kwa maana orodha za aina hiyo hujengwa juu ya majina yaliyochapishwa kwa kanuni. Mmoja wao, aliyejulikana kwa namba L174, ameelezwa pamoja na Hypancistrus seideli na kuitwa Hypancistrus yudja, kwa heshima ya Wayudja, watu wa asili wa mto Xingu ambao baadhi yao wanaishi kandokando ya Volta Grande na ambao pamoja na wavuvi wa Altamira, wanaozamia kwenye miamba kuwatafuta kambare hao kwa mkono, waliwajua samaki hawa na kuwatenganisha kwa makazi na tabia zao kabla hajafika mtu mwenye kalipa. Maelezo hayo yalichapishwa baada ya bwawa kuwa limekwisha kuyapunguza maji, na vipimo vya mabamba, meno na macho vilivyomo ndani yake ni vilevile ambavyo vingeweza kuchukuliwa miaka 20 kabla, wakati vibali vya ujenzi vilikuwa bado havijatiwa saini.